Pakiti Saba za Glukosi

Kwa miaka sita baba yangu aliweka kumbukumbu ya mkojo wake kwa nyuzi.

Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na kisukari, na mambo yote mawili aliyaendesha kwa utaratibu mmoja. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga kwenda msikitini, alikojoa kwenye kopo, akachukua matone manane, akayatia kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya buluu aliyopewa na tabibu wa zahanati. Kichupa alikisimamisha ndani ya maji yanayochemka juu ya jiko la mkaa, jiko lilelile tulilotolea makaa ya pasi. Dawa ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikiwa njano, imezidi. Ikifika rangi ya tofali, tabibu alisema, usimalize hata kuiangalia, njoo mbio.

Wagonjwa wengine waliitazama ile rangi kwa macho basi. Baba alileta kibweta chake cha nyuzi, akawa anasogeza rola moja moja karibu na kichupa mpaka apate inayolingana. Kisha alikata kipande cha uzi huo, akakibandika kwenye daftari na kuandika tarehe. Ukilifungua daftari lile ulikuta kurasa na kurasa za buluu, na hapa na pale kijani cha jani la mgomba, ambacho kilifuata sikukuu bila kukosa. Tabibu alisema hajawahi kuwa na mgonjwa wa namna hiyo. Baba alijibu kuwa yeye hajawahi kushona kwa kukisia.

Mama alikuwa amefariki, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili. Tulikaa Kasingirima, Ujiji, na cherehani ilikuwa barazani. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Walikuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo kwa boti zilizojaa mpaka ukingoni, na wengine wakitoka Burundi kwa miguu, kisha malori yakawapeleka makambini kwa barabara ya Kidahwe. Mjini tulisema maneno mengi juu yao, na mengi sitayaandika hapa kwa sababu nami niliyasema. Huku tukisema, tulinunua maturubai yao. Baba aliyashona mifuko ya sokoni na vifuniko vya baiskeli, na vitambaa walivyogawiwa aliwashonea nguo za watoto wao. Hatukuwahi kupata kazi nyingi kama miaka ile. Msiba wa wenzetu ulitulisha vizuri.

Mmoja wa wateja hao alikuwa mama wa Kirundi, mrefu, mkimya, aliyekuja kila baada ya wiki kadhaa kwa kibali cha kutoka kambini. Alileta vitambaa, akaenda kununua dagaa, akarudi jioni kuchukua nguo. Kwao alikuwa muuguzi. Alimwambia baba hivyo siku moja, na baba aliniambia mimi, nami nikasema kila mkimbizi kwao alikuwa mtu mkubwa. Naona haya ninapoliandika.

Kisha ikaja homa ya mafua. Haikuwa na jina maalumu. Mimi ndiye niliyeileta nyumbani kutoka sokoni. Nililala siku tatu, nikapiga chafya wiki nzima, nikapona. Mtaa mzima uliugua hivyo na kupona hivyo. Baba naye akaugua, na kwa siku mbili za mwanzo aliendelea kushona huku kamasi zinamtoka, akisema mafua si ugonjwa, ni uchafu wa hewa. Siku ya tatu alishindwa kuinuka. Mwili ulimchemka, na chakula akawa hakitaki hata kukiona. Nilimpikia wali, akageuza uso. Nilimpikia ugali wa muhogo na kuhe, samaki ambaye harufu yake ingeweza kumwamsha maiti, akageuza uso.

Sasa hapa lazima niseme kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika baiolojia nilipata alama nzuri. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililotuponza. Mtu asiyesoma angempa baba vidonge vyake kama kawaida, kwa kuwa aliambiwa ampe. Mimi nilifikiri. Vidonge hushusha sukari. Sukari hutokana na chakula. Baba hali chakula. Kwa hiyo, nikimpa vidonge, nitamshusha sukari ambayo hana. Nilivichukua nikaviweka juu ya kabati. Baba alinitazama nikiviweka, hakusema kitu, na mimi nikatoka chumbani nikijiona daktari.

Wageni wakaanza kuja. Ujiji mgonjwa hatazamwi mikono mitupu, na aliyelala hali, basi aletewe glukosi. Ni pakiti ya karatasi, unga mweupe laini, unakoroga kwenye maji. Kuna jambo ambalo watu wa kwetu wanaliamini bila kulisema: sukari ni ile ya dukani, ya chai, na hiyo ndiyo mgonjwa wa kisukari asiyopaswa kuila. Glukosi inauzwa duka la dawa. Kitu kinachouzwa duka la dawa ni dawa. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyenilea baada ya mama kufariki, alileta ya kwanza, akamwinua baba kwa mikono yake na kumshikia kikombe. Wenzake wa msikitini walileta mbili. Mpaka mwisho wa wiki nilikuwa na pakiti saba zimepangwa dirishani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje na nini.

Mimi nilijua kwamba glukosi ni sukari. Niliandika hivyo kwenye mtihani. Lakini mgonjwa alikuwa hana nguvu, na wakubwa wote waliokuwa chumbani walikuwa na hakika, na mimi nilikuwa na ile hesabu yangu ya mtu asiyekula. Nikakoroga. Asubuhi, mchana, jioni, kwa mkono wangu. Alikunywa vyote. Kiu ikamzidi, nikaona ni homa, nikaongeza kikombe. Akaanza kukojoa sana, na jirani akafurahi, akasema ugonjwa unatoka. Kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokojoa, na kadiri alivyokojoa ndivyo tulivyopongezana. Ijumaa ilipita bila kichupa kuchemshwa. Mtu mwenye homa humsumbui kwa mambo ya vichupa.

Siku ya tisa yule mama wa Kirundi alikuja kuchukua nguo zake. Nilimwambia fundi anaumwa, arudi wiki ijayo. Aliuliza anaumwa nini. Mafua, nikamjibu, anaendelea vizuri, anakojoa sana. Alivua ndala mlangoni akaingia chumbani bila kukaribishwa, akainama juu ya uso wa baba akanusa pumzi yake, kama mtu anayenusa maziwa kujua yameharibika au la. Mimi nilikuwa nimeinusa pumzi ile siku mbili; ilikuwa kama ya ndizi zilizopitiliza, na nilidhani ni glukosi mdomoni.

Akauliza, "Huyu mzee ana sukari?"

Nikasema anayo. Akaziona zile pakiti dirishani. Akaniuliza vidonge viko wapi, nikamwonyesha juu ya kabati. Sikuwahi kuchapwa na mwalimu yeyote nikaumia kama nilivyoumia kwa namna alivyokitazama kile kichupa cha vidonge, kimejaa. Akaniambia nilete mkojo na ile dawa ya buluu. Hatukusubiri hata maji yachemke sawasawa. Rangi ilipita kijani, ikapita njano, haikusimama popote mpaka ikafika kwenye tofali. Nilikimbia kutafuta gari.

Pale hospitalini Kigoma alilala siku kumi na nane, nyingi za mwanzo akiwa hajui yuko wapi. Daktari aliyemtibu alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, mtu mpole aliyezungumza polepole kana kwamba sisi wa Kigoma Kiswahili tumekianza juzi. Alinieleza kwamba mwili ukipigana na virusi huifungulia sukari yake wenyewe ya akiba, hata kama mtu hajaweka punje mdomoni. Kwa mtu mwenye afya haina neno. Kwa mwenye kisukari ni mafuriko, na ndiyo maana siku za homa vidonge haviachwi kabla ya kumwona tabibu, na mkojo unapimwa kila siku badala ya Ijumaa. Hakuniuliza nani aliyeacha vidonge. Nilimshukuru kimoyomoyo na nikamchukia kidogo.

Baba alirudi nyumbani akiwa amekonda, na vidonge vikawa havimtoshi tena. Sasa alidungwa sindano, na dawa yake niliitunza ndani ya mtungi wa maji, imefungwa kwenye mfuko, kwa sababu jokofu hatukuwa nalo. Nilimuuliza daktari atarudi lini kuwa kama zamani. Alisema virusi vilikwisha ndani ya wiki, lakini sukari ilikaa juu wiki nyingi baada yake, na mafigo na mishipa ya fahamu haijali nani aliyeipandisha. Akasema pia kwamba huenda madhara mengine yalikuwepo tangu zamani na homa imeyasukuma tu. Hakuna awezaye kupima hilo sasa. Nilipendelea sana kuamini yalikuwepo tangu zamani.

Miezi ikapita. Baba alirudi kwenye cherehani, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza kuharibika. Mshono ulikwenda mbio, ukasimama ghafla, ukakunjamana. Sare za shule zilirudishwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Aliilaumu cherehani. Alibadilisha mkanda, akapaka mafuta, akamwita fundi wa cherehani kutoka Buzebazeba, ambaye aliifungua yote, akaifunga, akasema haina tatizo. Baba akamwona hajui kazi.

Tatizo lilikuwa chini zaidi. Baba alikanyaga pedali peku maisha yake yote. Alisema kiatu hakisikii mashine. Sasa mguu wa kulia ulikuwa hausikii pia. Uliteleza kutoka kwenye pedali naye hakujua mpaka sindano isimame. Nilimwona mara kadhaa akiinama kuuangalia mguu wake, kuhakikisha uko wapi. Nilipomuuliza, alisema umekufa ganzi kwa kukaa sana. Nikakubali. Nilikuwa nimejifunza kutofikiri.

Fundi mzuri sindano ikimkatikia hutafuta vipande vyote viwili. Baba alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaifunga kamba, na kila jioni aliiburuta sakafuni. Mwezi wa Desemba, katikati ya sare za shule, sindano ilikatika, akapata kipande kimoja. Aliburuta sumaku mara tatu. Akasema kipande cha pili kitakuwa kimeingia kwenye kitambaa, akaendelea na kazi. Kilikuwa kwenye unyayo wake. Alikanyagia pedali siku sita.

Aliyekiona ni yule mama wa Kirundi. Alikuja na mfuko wa turubai wa kurekebishwa zipu, akakaa kwenye benchi akisubiri, macho yake yakiwa chini kama kawaida yake. Pedali ilikuwa na doa jeusi. Baba alimwambia ni grisi. Yule mama alipiga magoti, akalipitishia kidole, akakinusa. Kisha akaushika mguu wa baba bila kuomba ruhusa, akaugeuza. Kulikuwa na tundu dogo, na kuzunguka tundu ngozi ilikuwa na rangi ambayo kibweta chote cha nyuzi hakikuwa nayo. Aliitoa ile ncha kwa kibanio changu cha nyusi. Baba alikuwa akitazama barabarani wakati inatoka.

"Aende hospitali leo," aliniambia mimi, si yeye. "Si kesho. Leo."

Alimwosha, akamfunga, akampa baba pole kwa Kirundi, "ihangane, mzee", akaondoka, maana kibali chake kilikuwa kinakwisha siku ileile. Baba alisema atakwenda akimaliza sare. Zilikuwa zimebaki thelathini na kitu, na shule zinafunguliwa. Nilibishana naye, nikalia, nikazificha sare, akazipata. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi kwa wateja. Alitumia siku nne. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye hakuyaficha, aliyaweka tu kwenye foleni nyuma ya kaptula za kaki.

Siku ya tano alianza kutetemeka, nikampakia gari. Walimkata vidole viwili. Baada ya wiki daktari yule wa Kilimanjaro aliniita pembeni akasema haikutosha, itabidi mguu uondolewe chini ya goti. Aliniomba nimsaidie kumwambia. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wataanzia juu ya shati la goti au chini yake, na daktari hakuelewa, nikamweleza kwamba ndivyo mafundi tunavyoita kiraka cha goti la suruali. Chini, daktari akasema. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa vipimo.

Siku moja kabla ya operesheni, saa za kutazama wagonjwa, alikuja mzee mmoja wa msikitini. Alimpa pole, akasoma dua, akaacha kwenye kabati la kitanda pakiti ya glukosi. Alipoondoka tukabaki tunaitazama ile pakiti, baba na mimi. Nilishindwa kujizuia. Mwaka mzima nilikuwa nimelibeba jambo lile, nimelala nalo na kuamka nalo, nimemdunga sindano kila asubuhi bila kuweza kumtazama machoni. Nikamwambia kwamba wakati wa mafua ni mimi niliyeacha kumpa vidonge. Kwamba nilijua glukosi ni sukari, nikamkorogea zote saba. Kwamba mguu huu nimeukata mimi.

Baba aliirekebisha shuka yake, akainyoosha pindo kama alivyonyoosha kila pindo lililopita mbele yake.

"Nilikuona ukiviweka juu ya kabati," alisema. "Tabibu alishaniambia zamani, siku za homa usiviache. Nilikuwa najua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Miaka sita nakunywa chai bila sukari, mwanangu. Watu wakaniletea kikombe, wananishikilia kichwa, na wewe unanikorogea. Ilikuwa tamu."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo, na alikuwa baba yangu, kwenye kitanda cha hospitali, na kesho yake alikuwa anakatwa mguu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa wodi ilikuwa imejaa watu sikufanya lolote kati ya hayo. Nililia tu, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia Mungu ni mwema. Baba alisubiri nimalize. Kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Waliozileta usiwaambie," alisema. "Walileta kwa moyo."

Mguu ulikatwa siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Wiki tatu baadaye nilimrudisha nyumbani, na mtaa ukaja kutoa pole. Walikaa kwenye mkeka barazani, pembeni ya cherehani iliyofunikwa kanga, na kila mmoja aliuliza ilikuwaje. Nilieleza habari ya sindano iliyokatika. Nilieleza vizuri, na sumaku na kipande kilichopotea, na wote wakasikitika juu ya kazi ya ushonaji na hatari zake.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikaa mpaka wenzake wakaondoka. Alikuwa na jambo. Alinisogelea akanong'ona kwamba tangu aliposikia habari za mguu alikuwa hapati usingizi, akihofia ni ile homa ya mwaka jana, labda ilimwachia kitu mwilini, labda hatukumuuguza sawasawa.

Ndani, baba alikohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Mlimuuguza vizuri. Ni sindano."

Akasema alhamdulillahi, akafuta macho kwa pembe ya mtandio, akaingia ndani kumsalimia.